Mama Alipouliza Njia ya Drive-In

Katika kurasa hizi tumesoma mara nyingi habari za safari. Wengine wamekwenda Serengeti, wengine Ukerewe, wengine wamebahatika kufika hata Yerusalemu. Safari yangu mimi ilikuwa ya kwenda kutazama ukuta, na ilinichukua zaidi ya kilomita 1,100, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam. Nitawaeleza ilivyotokea.

Mama yangu mzazi ana miaka sabini na mitano. Tulimtoa nyumbani Kayenze, pale ufukweni, baada ya kuanguka mara mbili kwenye mawe akienda kuchota maji ziwani, tukamleta kwangu Nyamanoro. Jioni moja nilikuwa nachambua dagaa jikoni, nikamwona ametokea mlangoni amevaa kitenge chake cha kanisani, mkoba begani na viatu mkononi.

"Mbona hamjajiandaa?" akauliza. "Zile nafasi nzuri zitajaa."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. "Nafasi za wapi, mama?"

"Za Drive-In," akajibu, kana kwamba nimemuuliza jina lake mwenyewe.

Nilikuwa sijapata kumsikia mama akitaja sinema ya aina yoyote. Nilimketisha, nikampa chai, na baada ya muda akasahau. Wiki iliyofuata akarudia. Ikawa kila baada ya siku mbili tatu, jua linapoelekea kuzama, mama anabeba mkoba.

Mwenzetu mmoja wa kikundi cha maombi, ambaye ananipenda na alisema kwa nia njema, alinishauri tufunge kwa kuwa mama ameingiwa na kitu. Kuomba tuliomba, na tunaendelea. Lakini miaka yangu zaidi ya ishirini wodini imenifundisha kwamba mzee anayeanza kusahau apimwe kwanza: sukari, shinikizo la damu, upungufu wa damu, maambukizo ya njia ya mkojo, macho na masikio, pamoja na kukaguliwa dawa zote anazokunywa. Baadhi ya mambo hayo yanatibika, na akili ya mzee ikarudi. Mama tulimpima yote. Likabaki lile ambalo halina dawa ya kuliponya. Ugonjwa huu wa kusahau una tabia yake. Humnyang'anya mtu habari za asubuhi ya leo na kumwachia za miaka hamsini iliyopita, hata wengine huwa kama wamehamia huko. Mama yangu alikuwa amehamia Dar es Salaam ya mwaka 1970.

Sisi watoto tulijua kwamba kabla ya kuolewa mama alikuwa yaya huko Upanga, katika familia moja ya Kihindi, tangu 1968 hadi 1972. Hilo halikuwa siri. Ila habari za sinema hazikutajwa kamwe nyumbani kwetu, na sababu yake naijua. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwetu siku zile sinema ilihesabiwa fungu moja na pombe na dansi. Hapa Mwanza mjini palikuwa na sinema ya Liberty, ambayo jina lake limebaki kwenye mtaa hata baada ya watu kusahau picha zake. Nilipokuwa darasa la saba nilitumwa mjini kwa shangazi, nikasimama pale nje na binamu yangu kutazama mabango tu, mlangoni hata hatukukaribia. Mtu wa kanisani alituona, na habari zilifika Kayenze kabla yangu. Baba alinichapa fimbo sita. Mama hakunitetea wala hakusema neno. Usiku, wengine wamelala, alikuja na mafuta ya nazi akanipaka miguuni, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ilikuwa picha ya Kihindi?"

Nilidhani ananipeleleza. Nikasema sijui.

Sasa niwaeleze Drive-In ilikuwa kitu gani, maana wengi wetu tulizaliwa mbali na Dar es Salaam, na walio wadogo hawakuikuta kabisa. Ni sinema isiyo na paa. Uwanja mpana umezungushiwa uzio, mwisho wake umesimama ukuta mkubwa mweupe, na watu wanatazama wakiwa ndani ya magari yao. Ardhi hutengenezwa matuta kama ya viazi, ila marefu na mapana, ili gari likipandisha magurudumu ya mbele liinue pua na watu waone juu ya mapaa ya magari yaliyo mbele yao. Kila nafasi ina nguzo yenye spika ndogo ya waya. Unaichukua, unaining'iniza dirishani, na sauti ya picha inaingia garini mwako.

Aliyeanzisha jambo hili ni Mmarekani, Richard Hollingshead, aliyefungua sinema ya kwanza ya namna hiyo karibu na mji wa Camden, jimbo la New Jersey, tarehe 6 Juni 1933. Inasimuliwa kwamba mama yake alikuwa mnene na viti vya sinema za kawaida vilimtesa. Mwanawe akafunga shuka nyeupe kwenye miti ya uani, akaweka projekta juu ya boneti la gari, na redio akaiweka nyuma ya shuka. Hata maji alilimwagia gari ili aone siku ya mvua itakuwaje. Kufika 1958 Marekani ilikuwa na sinema za magari zaidi ya 4,000. Mimi nina wana wawili wa kiume, na niliposoma habari hiyo nilijiuliza kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kufikiria kiti ninachokalia.

Ile ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1966 huko Msasani, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo. Nchi ilikuwa na miaka mitano ya uhuru. Mjini zilikuwapo sinema za ukumbi zenye majina makubwa, Empire, Avalon na Odeon, lakini hii ilikuwa kitu kingine, na siku yake kubwa ilikuwa Jumapili jioni, kwa picha za Kihindi.

Mama husimulia vizuri zaidi asubuhi, akiwa amelala vya kutosha. Tajiri wake alikuwa na Peugeot ya mgongo mrefu. Jumapili mchana kutwa jikoni kulikuwa na moto: sambusa, viazi, mkate, chai ya maziwa kwenye chupa mbili. Jua likikaribia kuzama wanapakia mito, mashuka, bibi mzee wa nyumba ile, watoto watano na yaya. Wakifika wanaligeuza gari, nyuma ndiyo itazame ukuta, wanafungua mlango wa nyuma na watoto wanakaa pale miguu ikining'inia. Kabla giza halijaingia watoto wa magari yote wanacheza pamoja, na akina mama wanatoka gari hili kwenda lile na sahani za vyakula. Picha ikianza kila mtu anarudi kwake. Kazi ya mama ilikuwa kumpepea mtoto mdogo kwa kanga asiumwe na mbu, na hata hivyo hajapata kupitwa na wimbo hata mmoja.

Kilichonigusa katika masimulizi yake ni mambo ambayo mwanamume pengine asingeyaona. Mtoto akilia, analia ndani ya gari lenu, hakuna anayegeuka kukunyamazisha. Anayenyonyesha ananyonyesha. Bibi mzee, ambaye miguu yake haikuweza tena ngazi za ukumbi wa mjini, alitazama amelala ubavu juu ya mito, na akisinzia hakuna anayemcheka. Sisi tuliolea tunajua thamani ya mahali ambapo unaweza kwenda na watoto wadogo na mzee mgonjwa kwa pamoja, na usirudi umechoka kuliko ulivyotoka. Mimi nikihesabu mahali pa namna hiyo hapa Mwanza, nikiacha kanisa, sizidi vidole vya mkono mmoja.

Lakini sitaki kuipamba Drive-In kuliko ilivyokuwa. Watanzania wengi wakati ule hawakuwa na baiskeli, sembuse gari. Mwaka mmoja tu baada ya kufunguliwa likaja Azimio la Arusha, Februari 1967, na mtu angeweza kuuliza kwa haki kabisa, nchi ya wakulima inataka nini na sinema ya wenye magari? Mama anakumbuka kwamba nje ya uzio walikaa vijana kwenye nyasi, wakitazama picha bila sauti, wakibuniana maneno. Naye mwenyewe alikuwa ndani ya gari la watu, akiwapepea watoto wa watu, na mshahara wake ulikwenda Kayenze kwa posta. Nilimuuliza kama aliona uchungu. Alinitazama kwa muda, akasema, "Picha haikuuliza nani mwenye gari."

Mafuta ya petroli ndiyo yaliyoiumiza sana. Bei ilipanda duniani mwaka 1973, ikapanda tena 1979. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikamaliza fedha kidogo zilizokuwapo. Wenye umri wangu na kuzidi wanakumbuka jinsi serikali ilivyopiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, ili kubana matumizi ya mafuta. Fikiri basi. Sinema ya magari, ambayo siku yake kuu ni Jumapili jioni, na Jumapili jioni gari haliruhusiwi barabarani. Baadaye zikaja kanda za video miaka ya themanini, watu wakatazama sebuleni, na mwaka 1994 televisheni zikaanza Tanzania Bara, miaka ishirini baada ya Zanzibar. Ukumbi mmoja baada ya mwingine ulifungwa nchini kote, mingine ikawa maghala na maduka.

Uwanja wa Msasani ulipata mwisho wa pekee. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuka kwenye balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam, asubuhi moja. Nairobi walikufa zaidi ya watu 200, na Dar es Salaam 11. Ubalozi wa Dar es Salaam uliharibika, ikatakiwa sehemu pana, mbali na majengo mengine, yenye nafasi ya kuweka ukuta wa nguvu. Palepale palipokuwa Drive-In ukajengwa ubalozi mpya, ukafunguliwa mwaka 2003.

Haya yote niliyajua kabla hatujasafiri. Mume wangu aliniuliza kwa upole, kama najua kwamba hakuna kitu pale, nampeleka mama kutazama nini? Sikuwa na jibu la maana. Niliwaza tu kwamba mama hakuwahi kutuomba kitu, na hiki alikuwa anakiomba kila baada ya siku mbili.

Tuliondoka Julai 2025, kwa basi hadi Dodoma, tukalala, kisha tukapanda treni ya umeme. Mwaka 1968 mama alikwenda kwa gari moshi kutoka Mwanza, reli iliyofika kwetu mwaka 1928, na alilala njiani siku mbili. Safari hii alikaa dirishani akitafuta moshi. "Linakwenda na nini?" aliniuliza mara nne, na mara nne nilimjibu, umeme, naye mara nne alishangaa upya. Kuna raha fulani katika ugonjwa huu, Mungu anisamehe.

Tulifikia kwa ndugu yangu Kimara. Jumapili baada ya ibada na chakula nikamvalisha kile kitenge, tukapanda mwendokasi hadi Morocco, na hapo tukachukua bajaji.

"Tupeleke Drive-In," mama akamwambia dereva, kijana wa miaka ishirini na kitu.

"Drive-In ndiyo wapi, bibi?"

"Wewe ni mgeni hapa?" mama akamuuliza. "Msasani, njia ya zamani ya Bagamoyo. Kila mtu anapajua."

Nilimnong'oneza kijana, ubalozi wa Marekani. Akatupeleka, akaegesha mbali kidogo ng'ambo ya barabara, chini ya mti. Mbele ya ubalozi hapapigwi picha wala watu hawakai kaa ovyo, nami sikuwa na nia ya kujaribu. Tulibaki ndani ya bajaji. Mama aliutazama ule ukuta, mrefu, umepita hadi macho yanapochoka. Nilijiandaa kwa machozi. Mkoba wangu ulikuwa na leso na maji.

Mama akamgusa dereva begani. "Geuza gari," akasema. "Sisi tulikuwa tunageuza."

Sijui yule kijana analelewa na mama gani, lakini Mungu ambariki. Aliwasha bajaji, akaigeuza, mgongo ukaelekea ubalozi, akazima injini. Mama akageuka kwenye kiti, akawa anatazama nyuma, juu ya paa la ukuta, penye anga tupu. Kisha akaanza kumsimulia picha.

Ilikuwa Mother India, picha ya mwaka 1957 iliyotengenezwa na Mehboob Khan, na mama wa hadithi alichezwa na Nargis. Mama hajui neno la Kihindi zaidi ya yale ya jikoni, lakini aliielewa yote. Yuko mwanamke mkulima, mwenye deni la ukoo kwa mkopeshaji. Mumewe anapondwa mikono yote miwili na jiwe, anaona aibu, anaondoka asirudi. Mwanamke analima kwa mikono yake, mafuriko yanakuja, njaa inakuja, watoto wengine wanakufa, wawili wanabaki. Yule mdogo, mpenzi wake, anakua na hasira hadi anakuwa jambazi. Mwisho anakuja kumteka msichana wa kijijini siku ya harusi, na mama yake mwenyewe anamzuia kwa bunduki. Anampiga risasi. Anafia mikononi mwake.

Dereva alikuwa ameshika mdomo. "Mama yake mzazi, bibi?"

"Mama yake mzazi." Mama alinyamaza kidogo. "Nilipoiona nilikuwa msichana. Nilimchukia yule mwanamke mwezi mzima." Halafu akanigeukia mimi, na macho yake yalikuwa ya mtu aliye hapa hapa, mwaka huu huu. "Mimi sikumpiga risasi. Nilimpeleka ofisini tu."

Hapa inanibidi nieleze. Kaka yetu mkubwa, mwaka 1995, aliiba nyavu za jirani pale Kayenze akaziuza mwaloni. Mvuvi asiye na nyavu ana wiki mbili tu kabla watoto wake hawajalala njaa, na kila mtu wa ziwani analijua hilo. Baba alitaka yaishe kifamilia, kimya kimya. Mama ndiye aliyemshika mwanawe mkono, akamtembeza mchana kweupe mbele ya watu hadi ofisi ya kijiji. Alifungwa. Alipotoka alikwenda machimbo ya dhahabu Geita, na hajalala nyumbani hata siku moja tangu hapo, hata siku ya mazishi ya baba alikuja asubuhi akaondoka jioni. Krismasi hutuma fedha kwa simu. Kwa miaka thelathini tulidhani mama alilimaliza jambo lile moyoni mwake siku ileile, kwa jinsi alivyokuwa hasemi.

Sikujua niseme nini ndani ya ile bajaji. Nilishika mkono wake. Baada ya muda akauliza kama viazi vimebaki, nikajua ameshaondoka tena. Kijana hakutaka nauli ya kusubiri, nikamlazimisha.

Tulirudi Mwanza. Nilimpigia kaka simu nikamweleza yote, hadi maneno ya mama. Alikuwa kimya hata nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Hiyo picha inaitwaje?" Nikamtajia. Akasema ana kazi, atapiga baadaye.

Wazo la shuka lilikuwa la akina mama wa kanisa letu la Kayenze. Si jambo geni ufukweni kwetu. Hata enzi za mkoloni wamisionari walikwisha kujaribu. Kati ya 1935 na 1937, Baraza la Kimataifa la Misioni lilikuwa na kituo cha kutengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, na lori la sinema lilizunguka Tanganyika na nchi za jirani likionyesha picha za safura, malaria ya watoto wachanga na faida za kuweka akiba posta. Nilipokuwa mtoto bado gari la sinema lilifika Kayenze mara chache, likionyesha picha za afya. Nakumbuka ile ya kichocho. Kwenye shuka konokono alikuwa mkubwa kama ndama, na kwa siku tatu hakuna mtoto aliyeingia ziwani, hadi joto likatushinda. Nikiulizwa kwa nini nilisomea uuguzi huwa najibu kwamba ni wito, na ni kweli, lakini yule konokono naye alihusika.

Gari lile lilikuwa na tatizo moja ambalo watu wa mjini hawalijui. Sinema inataka giza, na dagaa pia wanataka giza. Usiku usio na mwezi wanaume wote wako majini na taa zao, ziwa lote linawaka kama mji. Mbalamwezi ikiwapo wavuvi wanapumzika nchi kavu, lakini picha inapauka. Kwa hiyo ama unakuwa na picha nzuri na wanawake watupu, au picha iliyopauka na kijiji kizima. Akina mama walichagua kijiji kizima, na mimi nakubaliana nao.

Jumamosi moja ya Agosti, basi, shuka mbili nyeupe zilizoshonwa pamoja zilifungwa kati ya miembe miwili. Vijana walileta projekta na jenereta. Ilikuwa Filamu ya Yesu, ile ya mwaka 1979 inayofuata Injili ya Luka, ambayo imetafsiriwa katika lugha zaidi ya 2,000. Nilimkumbuka baba, nikajiuliza angesemaje kuona sinema imeandaliwa na umoja wa wanawake na sala ya kufungulia imeombwa na mchungaji. Nadhani angekuja, angekaa nyuma, na asingesema kitu.

Mama alikataa kiti. Palikuwa na pikapu ya kubebea samaki, inanuka kama inavyopasa kunuka, na mwenyewe hakuwa na haraka. Tukaigeuza, tukashusha mlango wa nyuma, tukatandika mkeka na mito, mama akapanda kwa kusukumwa na wajukuu wanne. Watoto wa wenzake wakapanda pia, miguu ikining'inia. Wadudu wa ziwani walikuja kwa maelfu kwenye mwanga wa projekta, wakawa kama mvua, na hakuna aliyejali. Mama alikuwa na kanga mkononi, anampepea mtoto wa jirani aliyekuwa amelala, ambaye wala hakuwa akiumwa na mbu.

Simu yangu ililia wakati Bwana Yesu akiwa katika mashua na dhoruba ikivuma. Nilitazama jina, nikashuka kando kidogo nyuma ya tairi. Alikuwa kaka. Akauliza kama mama yuko macho, anaweza kuongea. Nikampa mama simu.

"Tuko Drive-In," mama akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayewaheshimu watu wa magari mengine. "Piga baadaye."

Akanirudishia. Halafu akaniuliza, bila kuondoa macho kwenye shuka, "Nani huyo?"

"Ni kaka, mama. Anapiga kutoka Geita."

Akamsogeza mtoto aliyelala, akavuta mto, akapiga mkeka kwa kiganja pale palipobaki wazi.

"Mwambie aje," akasema. "Gari lina nafasi."